Mwongozo Kamili wa Kutumia Maskoti Kutangaza Nguo

Anayefungua mabelo ya mitumba atakuwa amekutana mara nyingi na fulana yenye lebo shingoni iliyochorwa tufaha jekundu, zabibu na majani ya kijani. Hiyo ni Fruit of the Loom, chapa ya Marekani iliyoanzia katika viwanda vya pamba vya ndugu wa familia ya Knight huko Rhode Island mwaka 1851, na jina lake likaandikishwa kuwa alama ya biashara mwaka 1871. Inasimuliwa kwamba tufaha lilitokana na binti wa mwenye duka mmoja aliyekuwa akichora matunda na kuyabandika kwenye majora ya kitambaa cha Knight, na majora yenye picha yakawa yanatoka haraka kuliko yasiyo nayo. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1975, kampuni ililitoa tunda hilo kwenye lebo na kulisimamisha kwa miguu yake: wanaume wazima walivalishwa mavazi ya tufaha, zabibu na jani, wakasimama mbele ya kamera na kuzungumza na familia za Marekani kuhusu chupi.

Naanza na mfano huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wauza nguo wengi hulikosea. Maskoti, yaani mhusika wa kubuni anayevaliwa na mtu mzima mwilini au kichwani, ana ugumu wake wa pekee katika biashara ya nguo. Muuza soda anaweza kumweka dubu kando ya chupa na kila mmoja akaonekana. Nguo haiko hivyo, kwani nguo huonekana vizuri ikiwa juu ya mwili wa mtu, ilhali vazi la maskoti linauficha mwili huohuo. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta fundi, ni lazima ujue unataka kuuficha mwili au kuuonyesha, kwa kuwa kila hatua inayofuata, hadi unene wa sponji, inategemea jibu hilo.

Hatua ya 1: Amua kama nguo yako inamhitaji maskoti

Kuna nguo zinazonufaika kwa kuficha mwili, na nguo za ndani ndizo za kwanza. Katika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo chupi na sidiria huning'inizwa barabarani mchana kweupe na hakuna anayegeuka kuzitazama mara mbili. Aibu huanza pale tangazo linapoingia sebuleni saa mbili usiku, baba yupo, watoto wapo, na mama mkwe amekuja kutoka Tanga. Watu wa Fruit of the Loom waliikwepa aibu hiyo kwa kuwapa matunda kazi ya kuzungumza: mtazamaji alicheka, akasikia habari za pamba na lastiki, na hakulazimika kumtazama mtu aliye nusu uchi. Anayeuza chupi, vesti, soksi, nguo za kulalia au taulo katika jamii yenye kujali staha ana sababu nzuri ya kufuata njia hiyo.

Kundi la pili ni nguo ambazo mnunuzi si mvaaji. Sare za shule hununuliwa na mzazi lakini mtoto ndiye anayemvuta mzazi mkono kuelekea duka moja badala ya jingine, na maskoti huzungumza na mtoto kabla mzazi hajaanza kuuliza bei. Nguo za watoto wachanga, viatu vya shule na jezi za mashabiki zimo katika kundi hilihili.

Suti, magauni ya harusi, mabuibui ya bei kubwa na nguo za ofisini usizihusishe na maskoti kabisa. Mteja wa nguo hizo ananunua heshima yake mwenyewe, na mdoli mwenye kichwa kikubwa anayecheza mlangoni humwambia kwamba hapa ni mahali pa mchezo. Nimewahi kuona jambo hilo likijaribiwa, na ninachokumbuka zaidi ni bibi harusi mtarajiwa aliyesimama ng'ambo ya barabara akisubiri maskoti aingie ndani ili yeye apite.

Hatua ya 2: Mzae mhusika kutokana na nguo yenyewe

Kosa la kawaida ni kuanza na mnyama anayependwa, kisha kumtafutia uhusiano na duka. Niliwahi kusimamia tangazo la duka moja la sare, wiki ya kwanza ya Januari, na mwenye duka alikwisha kununua vazi la twiga kwa kuwa twiga ni mnyama wa taifa na watoto wanampenda. Vazi lilikuwa zuri, lenye manyoya ya madoa kuanzia shingoni hadi miguuni. Twiga huyo hakuweza kupita mlangoni kwa sababu ya shingo, hivyo alibaki nje juani. Na kwa kuwa alikuwa amevaa manyoya tu, hakuna aliyeweza kujua kama anatangaza sare, maziwa au mbuga ya wanyama. Kwa siku mbili watu walipiga naye picha kwa furaha, wakamshukuru na kuendelea na safari yao. Keshia aliniambia kwamba swali aliloulizwa zaidi siku hizo lilikuwa kama twiga anakodishwa kwa sherehe za kuzaliwa.

Tulianza upya kwa kuwauliza wazazi waliokuwa ndani ya duka wanalalamikia nini katika sare za mwaka uliopita. Walitaja magoti kutoboka na kola kuchakaa, lakini zaidi ya yote walitaja vifungo kung'oka, kwa sababu mtoto hurudi nyumbani na shati lililoshikwa kwa pini. Hapo mhusika akapatikana: Kifungo. Kichwa chake ni duara jeupe lenye matundu manne kama kifungo cha shati, na kuanzia shingoni kwenda chini amevaa shati, kaptura na soksi zilizoshonwa na fundi wa duka hilohilo kwa kitambaa kilekile kinachouzwa ndani, isipokuwa vipimo vimekuzwa.

Mhusika mzuri wa nguo huzaliwa namna hiyo, ama kutoka kwenye jina na nembo kama ilivyokuwa kwa Fruit of the Loom, ama kutoka kwenye wasiwasi wa mnunuzi. Ukishampata, mpime kwa maswali machache ya kawaida. Je, mtoto wa miaka sita anaweza kumchora baada ya kumwona mara moja? Je, mtu aliye ng'ambo ya barabara anaweza kujua anauza nini bila kusoma maandishi? Je, anapita mlangoni?

Mahali nako kuna neno lake. Mbwa au nguruwe hatakusaidia Unguja, Mombasa au mtaa wowote wenye Waislamu wengi, hata akichorwa kwa sura ya kupendeza kiasi gani. Ukienda Mtwara na Lindi, kumbuka kwamba mtu aliyefunika kichwa kwa sura ya kuchonga ana maana kubwa katika ngoma za mapiko za Wamakonde, ambazo zimeshikamana na jando na unyago. Usimpe mhusika wako sura inayoelekea huko, kwani hilo litawaudhi wazee.

Hatua ya 3: Maliza mambo ya haki na mikataba kabla ya kushona

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayogharimu zaidi, nami nitaieleza kwa visa viwili.

Mwaka 1902 mchoraji Richard Outcault alianzisha katika gazeti la New York Herald katuni ya mtoto mtundu aitwaye Buster Brown na mbwa wake Tige. Mwaka 1904, katika maonyesho ya dunia ya St. Louis, Brown Shoe Company ya mji huo ilinunua haki ya kulitumia jina hilo kuuzia viatu vya watoto. Kampuni iliwaajiri waigizaji wafupi wa kimo, ikawavisha kama Buster na kuwapa mbwa, kisha ikawazungusha miji ya Marekani kwa miaka mingi wakifanya maonyesho katika kumbi na maduka ya viatu. Huyo ni miongoni mwa maskoti wa mwanzo kabisa wa biashara ya mavazi, na alifanikiwa sana. Hata hivyo Outcault hakuwauzia wao peke yao, bali aliwauzia wafanyabiashara wengine wengi haki kama hiyo, hivyo Buster Brown akawa anatangaza viatu huku na bidhaa nyingine kule. Neno lililokosekana katika makubaliano ni dogo: haki ya pekee.

Kisa cha pili kinatoka kwenye michezo. Mwaka 1978 timu ya besiboli ya Philadelphia Phillies iliagiza maskoti wa kijani aitwaye Phillie Phanatic kutoka kwa watengenezaji Harrison na Erickson. Bill Giles, aliyekuwa kiongozi wa timu, alisimulia baadaye kwamba alipewa bei mbili, moja ya vazi pekee na nyingine ya vazi pamoja na hakimiliki, tofauti ikiwa dola 1,300, naye akachagua ya bei nafuu. Miaka michache baadaye timu ililipa zaidi ya dola 200,000 kuipata hakimiliki ileile, na mwaka 2019 pande hizo mbili zilikuwa mahakamani tena kuhusu mhusika huyohuyo.

Kwa hiyo andika mkataba na mchoraji, na mwingine na fundi wa vazi, hata kama fundi ni shemeji yako. Mkataba utamke kwamba michoro, jina, sura na vazi vyote vinakuwa mali yako baada ya malipo, na kwamba fundi hataruhusiwa kumshonea mtu mwingine mhusika anayefanana naye. Kisha peleka jina na sura kuandikishwa kuwa alama ya biashara. Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa BRELA, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7 kisha huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na usajili wa Bara haukulindi huko. Nchini Kenya ofisi ni KIPI na usajili ni wa miaka 10. Nguo, viatu na kofia vimo katika daraja la 25 la mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, hivyo hakikisha kwamba daraja hilo limo katika fomu yako. Michoro yenyewe unaweza pia kuiweka katika kumbukumbu za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.

Hatua ya 4: Tengeneza vazi kwa kufuata hali ya hewa

Mavazi mengi yanayouzwa mtandaoni yametengenezwa kwa nchi za baridi, ambako manyoya mazito humpa mvaaji joto analolihitaji. Dar es Salaam na Mombasa kati ya Desemba na Machi hali ni tofauti kabisa: nyuzijoto hufika 32 kivulini, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki upesi hata kwa aliyevaa fulana nyepesi. Mwili hupoa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Ukiuziba ndani ya sponji na manyoya, jasho linatiririka bila kupoza chochote. Na kwa bahati mbaya Januari, mwezi wa sare za shule, huangukia katikati kabisa ya joto hilo.

Ndiyo maana ninapendekeza kwa wauza nguo vazi la nusu: kichwa, glovu na viatu pekee ndivyo viwe vya maskoti, na mwili wote uvae nguo unazouza. Unapata faida mbili kwa gharama ndogo, yaani mvaaji anapata hewa na bidhaa yako inaonekana. Vazi la mwili mzima liwe la studio yenye feni, kwa wale waliochagua njia ya kuficha.

Kichwa cha Kifungo kilitengenezwa hivi, nami naeleza kwa undani kwa sababu fundi yeyote mwenye subira anaweza kufanya hivyo. Ndani kabisa kuna kofia ngumu ya wajenzi, iliyokatwa ukingo wake wa mbele, ambayo mkanda wake wa ndani hurekebishwa kulingana na kichwa cha mvaaji. Juu ya kofia imegundishwa sponji ya godoro ya unene wa sentimita 5, ikakatwa kuwa duara na kuachiwa uwazi mkubwa mbele ya uso na mwingine kisogoni. Sponji ikafunikwa kitambaa cheupe cha kunyumbuka, si manyoya. Yale matundu manne ya kifungo hayakuchorwa, bali yametobolewa kweli na kuzibwa kwa neti nyeusi ngumu: mawili ya juu ni ya kuonea, mawili ya chini ni ya kupumulia, na aliye nje haoni kitu ndani kwa sababu ndani ni giza kuliko nje. Kisogoni, nyuma ya neti nyingine, imefungwa feni ndogo ya betri inayotoa hewa nje. Feni ikielekezwa kuingiza hewa usoni, macho hukauka na mvaaji huanza kupepesa na kutoa machozi. Hilo nililigundua mwenyewe.

Bitana ya ndani iwe ya pamba na ishikwe kwa vishikizo ili itoke na kufuliwa. Usitumie gundi ya viatu mahali panapokaribia pua, na kichwa kipya kiache kwenye hewa kwa siku kadhaa hadi harufu ya gundi iishe. Kichwa chote kisizidi uzito ambao mvaaji anaweza kuubeba huku akitikisa kichwa kwa dakika tano bila kushika shingo.

Kisha kivae wewe mwenyewe. Mwenye duka au msimamizi ambaye hajawahi kuingia ndani ya kichwa hicho hana haki ya kupanga ratiba ya mtu mwingine. Nilipovaa mara ya kwanza, ukumbini, bila jua, nilikuwa sawa kwa dakika kumi. Kufikia ya kumi na mbili nilikuwa nasikia mapigo ya moyo masikioni, jasho limeingia machoni na siwezi kulifuta, na sikuona kabisa kiti kilichokuwa mbele ya magoti yangu.

Hatua ya 5: Tafuta watu wawili, si mmoja

Mvaaji ni mwigizaji. Fruit of the Loom hawakuwaokota watu wa kusimama tu: miongoni mwa waliovaa vazi la jani katika matangazo yao ya zamani alikuwa F. Murray Abraham, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Wale uso wao ulikuwa wazi, kwa hiyo walizungumza na kutania. Ikiwa kichwa kimefunikwa kama cha Kifungo, kanuni ni kwamba mhusika hasemi neno. Kesho huenda akavaa mtu mwingine mwenye sauti nyingine, na mtoto atatambua mara moja. Mtafute mcheza ngoma, mwanasarakasi au mwigizaji wa jukwaani anayejua kuongea kwa mabega na mikono, na umpime kwa kumwambia, akiwa amevaa, aonyeshe kwamba kola inamkaba au kwamba kifungo kimemtoka.

Mtu wa pili ni msimamizi, ambaye hutembea hatua moja nyuma na pembeni ya maskoti wakati wote. Yeye ndiye macho: anamwongoza asikanyage mtaro usio na mfuniko, anamwondoa njiani bodaboda inapokuja, anaona mtoto aliyesimama magotini ambaye maskoti hawezi kumwona, na anajibu maswali ya bei. Kubalianeni ishara za mkono. Sisi tulitumia tatu tu: kugonga bega mara moja ni simama, mara mbili ni geuka, na maskoti akishika tumbo lake kwa mikono yote miwili ina maana kwamba anataka kutoka sasa hivi. Ishara hiyo ya mwisho haijadiliwi.

Mlipeni mvaaji kwa saa alizokuwa eneo la kazi na si kwa dakika alizokuwa ndani ya vazi. Akilipwa kwa dakika za ndani, atajilazimisha kubaki hadi aanguke.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Anza kwa kibali. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri kuhusu kusimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, kupiga muziki na kugawa vipeperushi, kwa sababu mgambo hatambui tofauti kati ya maskoti na machinga aliyezuia njia. Tafuta pia chumba chenye kivuli na feni ndani ya dakika mbili za mwendo, kisichoonekana na wateja, ambamo kichwa kitavuliwa. Watoto wasione kichwa kikivuliwa.

Kanuni yangu kwa miezi ya joto ni dakika 15 nje na 30 za kupumzika, na mizunguko isiyozidi minne kabla ya saa sita mchana, kisha minne mingine baada ya saa kumi alasiri. Saa za katikati mpe mvaaji ruhusa. Mizunguko mifupi ina faida ya kibiashara pia, kwa maana maskoti anayetokea na kutoweka hufanya watu wasubiri dukani, ilhali anayekaa nje siku nzima huwa kama nguzo ya umeme. Kila mapumziko mvaaji anywe maji hata kama hana kiu, na baada ya mizunguko miwili apate dafu au maji yenye sukari na chumvi kidogo, abadili fulana ya ndani na afute kichwa.

Msimamizi ajue dalili za mwili kuzidiwa na joto: kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, hatua kuyumba, au kutojibu ishara. Hapo kichwa kinavuliwa papo hapo, hata kama watoto mia moja wanatazama. Mlaze kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji na kumpepea, na akionekana kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu awahishwe hospitali bila kusubiri.

Kuhusu watoto, maskoti asimwendee mtoto, bali asimame, apige goti na kumsubiri. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mara nyingi huogopa, na mzazi anayemsukuma kwa nguvu ili apate picha anahitaji kuzuiwa kwa upole na msimamizi. Asibebe mtoto, asikumbatie asiyeomba, na mikono yake ionekane wakati wote wa picha. Picha utakayoitumia kwenye tangazo inahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili zina uzito wa pekee kwa taarifa za watoto. Fomu fupi ya nusu ukurasa, yenye jina la mzazi, sahihi na matumizi ya picha, inatosha kuanzia.

Katika kila picha na video, nguo ndiyo ifanye tukio. Kifungo akicheza tu ni burudani. Kifungo akivuta kifungo cha shati lake kwa nguvu zote, akashindwa, akaanguka chali huku kifungo kikiwa bado mahali pake, ni tangazo la sare. Video hiyo ilikuwa ya sekunde kumi na moja, ikapigwa kwa simu mbele ya rafu.

Hatua ya 7: Usafi na kuhifadhi

Vazi la maskoti hunuka upesi, na likishanuka hakuna atakayekubali kulivaa. Kila mvaaji awe na kofia yake ya pamba ya kuvaa chini ya kichwa na glovu zake za ndani, visivyoazimwa. Jioni toa bitana uifue, nyunyiza spiriti iliyochanganywa na maji ndani ya sponji baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana, kisha geuza kichwa juu chini mbele ya feni hadi asubuhi. Usikianike juani, kwani gundi hulainika na rangi hupauka. Kwa miezi ambayo hakitumiki, kihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, wala si wa nailoni, na utie ndani yake vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Katika mji wa pwani, ukungu huingia ndani ya sponji kabla hujauona nje.

Hatua ya 8: Pima mauzo, usipime vicheko

Januari sare huuzwa hata duka likifunikwa kwa turubai, hivyo kusema kwamba mauzo yalipanda baada ya maskoti kuanza kazi hakuthibitishi lolote. Njia rahisi ni kumtoa siku moja na kumpumzisha inayofuata, kwa wiki mbili, kisha kulinganisha siku hizo mbili aina kwa aina: watu walioingia, walionunua, na kiasi walicholipa. Anza Jumatatu wiki ya kwanza na Jumanne wiki ya pili, ili kila siku ya juma ipate zamu ya kuwa na maskoti na ya kutokuwa naye. Mpe pia maskoti kadi za punguzo dogo zenye alama yake. Kila kadi inayorudi kwa keshia ni mteja aliyeletwa na yeye, na keshia azihesabu kila jioni kabla ya kufunga hesabu. Toa gharama zote, ikiwemo malipo ya watu wawili, maji, betri na vibali, na usisahau kugawanya gharama ya vazi kwa misimu unayotarajia kulitumia.

Mhusika asiyeleta wateja katika misimu miwili mstaafishe. Mwili wa vazi, ikiwa ni nguo za kawaida, unaweza kupunguzwa na kushonwa upya. Kichwa usikiuze wala usikigawe kikiwa kizima: toa kofia ya wajenzi na feni kwa matumizi mengine, kisha kata sponji vipande mwenyewe, kwa kuwa atakayekivaa kesho mbele ya duka jingine, au kwenye mkutano wa kampeni, bado ataonekana kwa kila mtoto wa mtaa kuwa ni yule wa kwako.